‘Sarafina!’ si ngoma tu, ni mjadala wa lugha na mamlaka

Ukimtajia Mkenya wa makamo filamu ‘Sarafina!’, aghalabu kitu cha kwanza atakachokumbuka ni ngoma. Atakumbuka wanafunzi waliovalia sare wakirusha miguu, vumbi likitimka, na sauti zikipanda kwa pamoja. Si ajabu akakuimbia kipande cha wimbo mmojawapo, japo maneno ya Kizulu anayoyatamka hayajui maana. Ngoma hiyo imetufurahisha kiasi kwamba tumesahau kuuliza swali la msingi: hivi wale watoto walikuwa wanaimba kwa sababu gani, na mbona wengi wao wanauawa kabla ya filamu kwisha?

‘Sarafina!’ ni filamu ya muziki, naam, lakini ni ya giza. Ndani yake mna mwalimu anayekamatwa na kufia mikononi mwa polisi, watoto wanaopigwa risasi shuleni, askari anayeteketezwa kwa moto na msichana anayeteswa gerezani. Muhimu zaidi kwa safu kama hii, chimbuko la historia inayosimuliwa humo ni suala la lugha. Watoto wa Soweto waliuawa kwa kukataa kufundishwa hesabu katika lugha wasiyoitaka.

Hebu tuanze na tarehe ili tusichanganyikiwe. ‘Sarafina!’ ilianza kama mchezo wa jukwaani. Ulitungwa na Mbongeni Ngema, akisaidiwa katika muziki na mpiga tarumbeta mashuhuri Hugh Masekela, na ukaoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre jijini Johannesburg. Mwaka huo huo ulivuka bahari hadi New York, na kuanzia Januari 1988 ukachezwa Broadway hadi 1989. Filamu ilitoka mwaka 1992, ikiongozwa na Darrell James Roodt. Leleti Khumalo, mzaliwa wa KwaMashu karibu na Durban, aliigiza Sarafina jukwaani na pia kwenye filamu. Whoopi Goldberg wa Marekani akawa mwalimu Mary Masombuka, Miriam Makeba akawa mamake Sarafina, na John Kani akawa mwalimu mkuu. Ngema mwenyewe alichukua nafasi ambayo wengi wangeikwepa: konstebo Sabela, askari mweusi anayechukiwa na wanafunzi.

Tarehe hizi zina maana. Matukio yanayohusishwa na hadithi ni ya 1976. Mchezo ulizaliwa katika hali ya hatari iliyotangazwa nchini humo katikati ya miaka ya themanini. Filamu nayo ilitengenezwa baada ya Nelson Mandela kuachiliwa Februari 1990, lakini kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994. Kwa hivyo mtazamaji wa filamu hii anasikia nyakati tatu zikisema kwa wakati mmoja. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Sasa tuje kwenye lugha. Chama cha Makaburu kilipotwaa mamlaka mwaka 1948, kiliufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Mwaka 1953 ikapitishwa Sheria ya Elimu ya Wabantu, na mhandisi wake mkuu akawa Hendrik Verwoerd. Shabaha yake haikufichwa: mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kumwezesha kutumika, si kiasi cha kumwezesha kushindana. Mwaka 1974 likaja agizo lililoamuru shule za Waafrika zifundishe nusu ya masomo kwa Kiingereza na nusu kwa Kiafrikana. Hesabu na masomo ya jamii yangefundishwa kwa Kiafrikana. Lugha za mama, kama Kizulu na Kisotho, ziliachiwa mambo kama mafunzo ya dini, muziki na mazoezi ya viungo.

Tazama mgao huo kwa makini. Lugha ya mtoto inaruhusiwa kuimba, kuomba Mungu na kuruka kamba. Kufikiri kwa nambari na kuelewa jamii anayoishi ni kazi ya lugha ya mtawala. Hata walimu wenyewe wengi hawakuimudu lugha hiyo kiasi cha kuifundishia. Mtoto angefeli hesabu si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa msamiati. Ndiyo maana tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani. Polisi wakafyatua risasi. Picha aliyoipiga Sam Nzima ya mvulana Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi, akikata roho, ikauzunguka ulimwengu. Miezi iliyofuata mamia waliuawa.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba watoto wale walikichukia Kiafrikana kama lugha. Ukweli una kona zaidi. Vijana wa mitaa ya Soweto walikuwa na lugha yao ya mtaani, Tsotsitaal, na msingi wa lugha hiyo ni Kiafrikana chenyewe! Waliivunja, wakaichanganya na maneno yao, wakaifanya chombo cha utani na ujanja, takriban kama Sheng ilivyo kwetu. Isitoshe, Kiafrikana hakikuzaliwa kikiwa mali ya Makaburu peke yao. Kilitokana na Kiholanzi kilichofinyangwa na watumwa, Wakhoi na watu wengine wengi wa Rasi ya Tumaini Jema. Waislamu wa Cape Town katika karne ya 19 walikiandika kwa hati za Kiarabu, vile vile washairi wa Lamu na Mombasa walivyokuwa wakiandika Kiswahili. Kitabu cha mafunzo ya dini cha Abu Bakr Effendi, kilichochapishwa Istanbul mwaka 1877, kiliandikwa kwa Kiafrikana cha namna hiyo.

Basi kilichokataliwa 1976 ni amri. Lugha ile ile ambayo kijana aliitumia kwa hiari yake kupiga soga na wenzake kwenye kona ya mtaa aliikataa ilipoingia darasani ikiwa na bunduki mgongoni. Wanaisimu wanapotuambia kwamba hakuna lugha mbaya, wanasema kweli. Hata hivyo, ipo njia mbaya ya kumfikishia mtu lugha, na watu wamekufa kwa sababu yake.

Hapa ndipo filamu inapotuletea kinaya chake cha kwanza. Hadithi ya watoto waliokataa lugha ya kulazimishwa inasimuliwa kwa Kiingereza. Wahusika weusi wa Soweto wanazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, nyumbani, shuleni, hata wanapotongozana. Kizulu kinasikika zaidi kwenye nyimbo. Yaani mijadala ya siasa, maswali ya historia na mapenzi ni ya Kiingereza; kilio, dua na hamasa ni vya Kizulu. Msomaji aliye makini ataona kwamba mgao huu unafanana, bila shaka pasipo kukusudiwa, na ule wa agizo la 1974: lugha ya Mwafrika iachiwe muziki.

Je, tuwahukumu watengenezaji? Nadhani tuwaelewe kwanza. Filamu ilitaka kuonekana Marekani na Ulaya, na Whoopi Goldberg aliletwa kwa sababu jina lake lingewavuta watazamaji ambao wasingemjua mwigizaji yeyote wa Soweto. Halafu ipo sababu ya kihistoria inayosahauliwa. Wanafunzi wa 1976 wengi hawakuwa wakidai Kizulu badala ya Kiafrikana. Serikali ya ubaguzi ilikuwa imezitumia lugha za Kiafrika kuwagawa watu kimakabila na kuwafungia katika vijiserikali vya kikabila, hata elimu ya lugha ya mama ikanuka hila. Kiingereza ndicho kilichoonekana dirisha la kutazama nje na daraja la kumuunganisha Mzulu na Msotho. Hata mabango yaliyokilaani Kiafrikana siku ile yaliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo Kiingereza cha Sarafina si biashara tupu. Ni sehemu ya jeraha lenyewe: mtawala alikuwa amezichafua lugha za wenyeji hadi wenyewe wakazitilia shaka.

Jambo la pili ni kazi ya wimbo. Katika filamu nyingi za muziki, wimbo ni mahali pa kupumzikia. Mhusika akizidiwa na mapenzi au furaha, huacha kusema akaanza kuimba, na hadithi humsubiri amalize. ‘Sarafina!’ inatumia wimbo kwa namna nyingine. Muziki wake umejengwa juu ya mbaqanga, muziki wa mitaa ya Waafrika mijini, pamoja na nyimbo za makanisani na zile za maandamano. Katika Afrika Kusini ya wakati ule, mikutano ya siasa ilipigwa marufuku, lakini mazishi hayangeweza kuzuiliwa kabisa. Kwa hiyo mazishi yakawa mikutano na nyimbo za maombolezo zikawa hotuba. Mtu mmoja akihutubia, polisi wanajua wa kumkamata. Watu elfu wakiimba, msemaji ni nani?

Chukua mfano wa Sala ya Bwana, ambayo wanafunzi wanaiimba wakiwa wamekusanyika uwanjani shuleni. Kwa sura ya nje hakuna utiifu uliopita huo. Ni sala, na imo katika ratiba ya shule. Lakini jinsi inavyoimbwa, sauti zinavyopanda na kujibizana, ombi la mkate wa kila siku na kuokolewa kutokana na uovu linageuka kuwa dai. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Kilichobadilika ni anayesema, mahali anaposema na anayemsikiliza. Wanafunzi wa isimujamii na pragmatiki wanaotafuta mfano wa namna muktadha unavyozaa maana hawana haja ya kwenda mbali.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati ya ziada hapa. Kizulu na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Sikiliza wimbo ‘Safa Saphel' Isizwe’ na utasikia mzizi -fa katika neno la kwanza, ule ule wa kufa kwetu. Maana yake ni kwamba tumekufa, taifa limeteketea. Watu wengi huucheza wimbo huo wakitabasamu. Wangejua wanachokicheza, huenda miguu ingekuwa mizito kidogo.

Hiyo ndiyo hatari ya filamu ya muziki yenye mada ya siasa, na ni haki kuisema. Mdundo mtamu unaweza kuumeza ujumbe mchungu. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba dhuluma ya aina ile haifai kuchezewa ngoma. Mimi naona filamu yenyewe inalijua tatizo hilo. Inapofika gerezani, uchangamfu wa ngoma unatoweka. Tunaachwa na kuta, vilio na mwili wa msichana. Mtazamaji aliyekuja kwa ajili ya ngoma anajikuta ameingizwa mahali ambapo hapana ngoma, na hana pa kutokea.

Jambo la tatu ni usawiri, yaani nani anaoneshwa na anaoneshwaje. Sarafina mwenyewe anaanza akiwa msichana anayeota kuwa nyota wa sinema. Anazungumza na picha ya Mandela iliyo ukutani kama mtu anayezungumza na babake aliyesafiri. Leo hilo linaonekana jambo la kawaida, lakini tukumbuke kwamba kwa miaka yote ya kifungo chake kuchapisha picha ya Mandela au maneno yake kulikatazwa na sheria. Kizazi kizima kilikua kikilijua jina bila kuijua sura. Kuzungumza na picha ile kulikuwa uasi kabla hata ya neno kutamkwa.

Kinyume cha picha hiyo ni mamake, Angelina, mfanyakazi wa nyumbani katika nyumba ya Wazungu. Mwanzoni Sarafina anamwonea aibu. Kwake, shujaa ni yule aliye gerezani au yule mwalimu anayethubutu kufundisha historia isiyo kwenye mtaala. Mama anayesema “ndiyo, madamu” si shujaa. Baada ya kuteswa, Sarafina anamwendea mamake na kumtazama upya. Anagundua kwamba yale magoti yaliyopiga sakafu za watu ndiyo yaliyomlisha yeye na ndugu zake. Kumpa nafasi hiyo Miriam Makeba, msanii aliyenyang'anywa uraia na kuishi uhamishoni takriban miaka thelathini, ni uamuzi wa kisiasa. Mwanamke ambaye serikali ilishindwa kumnyamazisha ndiye anayeigiza mwanamke aliyeishi kwa kunyamaza.

Usawiri mgumu zaidi ni wa konstebo Sabela. Yeye ni mweusi kama wao, anaishi miongoni mwao, ila anawatumikia wanaowatesa. Wanafunzi wanamvamia na kumchoma moto. Filamu haifichi kitendo hicho wala haikipambi. Haituruhusu kumwona Sabela kuwa kinyago tu cha usaliti. Ana hofu, na anakufa kama mtu. Sarafina aliyekuwapo anabaki na mzigo huo. Waandishi wa propaganda wangelikwepa suala hili, maanake linaharibu hesabu rahisi ya wema upande huu na ubaya upande ule.

Na hapa ndipo zile nyakati tatu zinapokutana. Majuto ya Sarafina hayasemi juu ya 1976 pekee. Yanaisemesha Afrika Kusini ya 1992, nchi iliyokuwa ikijadiliana kuhusu katiba mpya huku damu ikimwagika. Juni mwaka huo watu zaidi ya arobaini waliuawa Boipatong, na mazungumzo yakavunjika kwa muda. Filamu iliyotolewa wakati huo isingeweza kuuliza tu “tutawashindaje?” Ilibidi iulize pia “tukishinda, tutaishije pamoja na tuliyoyatenda?” Ukiitazama bila kukumbuka hilo, utaona tu msichana aliyelegea moyo. Ukilikumbuka, utaona nchi nzima ikijiuliza.

Kabla ya kuondoka Afrika Kusini, tuguse lugha ya dola. Mwalimu Masombuka anakamatwa na hatoki akiwa hai. Kifo cha mahabusu nchini humo kilikuwa na msamiati wake maalumu. Taarifa rasmi zilisema mahabusu aliteleza bafuni, alianguka ngazini, au alijirusha dirishani. Mwaka 1971 ilielezwa kwamba mwanaharakati Ahmed Timol, ambaye pia alikuwa mwalimu, alijirusha kutoka ghorofa ya kumi ya makao ya polisi ya John Vorster Square. Hakimu akakubali. Ilichukua miaka 46, hadi Oktoba 2017, kwa mahakama kutamka kwamba Timol aliuawa.

Tazama vitenzi hivyo kwa jicho la sarufi. Aliteleza, alianguka, alijirusha: katika vyote mtendaji ni marehemu mwenyewe. Badili kitenzi kimoja tu, useme alisukumwa, na mara swali linazuka: na nani? Watawala wanajua sarufi kutushinda. Wanajua kwamba kauli ya kutendwa humwacha mtu nyuma ya pazia, na kwamba njia salama zaidi ya kumficha ni kuepuka kauli hiyo kabisa. Msomaji wa magazeti anayejifunza kuuliza “nani alitenda?” kila anaposoma taarifa ya kifo amejifunza sarufi yenye manufaa kuliko kukariri ngeli zote.

Nasi Wakenya tunaingia wapi? Hatuhitaji kulazimisha ulinganisho. Yapo yaliyotokea kwetu karibu wakati ule ule. Mwaka 1977, mwaka mmoja tu baada ya Soweto, mchezo ‘Ngaahika Ndeenda’ wa marehemu Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ulioigizwa kwa Kikuyu na wanakijiji wa Kamirithu, ulipigwa marufuku, na Desemba hiyo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 mchezo wa nyimbo, ‘Maitu Njugira’, ulinyimwa jukwaa la Kenya National Theatre, kisha ukumbi wa Kamirithu ukabomolewa. Ngugi alikuwa ameandika riwaya za Kiingereza zenye ukali kama huo bila kufungwa. Kilichoitia serikali kiwewe ni ukali huo kuhamia katika lugha ambayo mkulima angeielewa na kuiimba. Soweto lugha ililazimishwa kwa risasi. Limuru lugha ilizuiwa kwa tingatinga. Mantiki ni ile ile moja: mwenye mamlaka anaijua nguvu ya lugha hata pale sisi wenyewe tunapoidharau.

Tarehe 16 Juni imekuwa Siku ya Mtoto wa Afrika tangu 1991, na shule zetu huiadhimisha kwa nyimbo na mashairi. Ni vyema. Lakini mwanafunzi anayekariri shairi siku hiyo anastahili kuambiwa kwamba waliokufa walikuwa rika lake, na kwamba ugomvi ulianzia kwenye somo la hesabu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Hata hivyo bado zipo shule ambako mtoto huadhibiwa kwa kusema lugha ya mamake, ilhali mwalimu anayemwadhibu anakiongea Kiingereza chenyewe kwa kuchechemea. Hakuna bunduki hapo, alhamdulillahi. Lakini somo analolipata mtoto, kwamba lugha ya kwao haifai kubeba fikira, halina tofauti kubwa na lile la Verwoerd.

Baada ya maandamano ya vijana wetu ya Juni 2024, sidhani kama Mkenya anaweza kuitazama tena ‘Sarafina!’ kama burudani ya Jumapili alasiri. Yale maswali yamesogea karibu: nani anaitwa mwanaharakati na nani anaitwa mhuni, wimbo unakoma wapi na jiwe linaanzia wapi, na kifo kinaandikwa kwa kitenzi gani kwenye taarifa. Filamu haitoi majibu yote, na hatuna haki ya kuidai majibu ambayo hata nchi iliyoizaa ingali inayatafuta.

Itazameni tena. Safari hii, ngoma ikianza, msikimbilie kuinuka. Sikilizeni kwanza ni lugha gani inayoimba, ni ipi inayotoa amri, na ni nani asiyepewa hata moja.